Kata ya Mama Biasha

Mwaka ule wa njaa, baada ya Wadachi kutuchomea mashamba Songea, mama mkubwa Biasha alifukua ulezi aliouficha ardhini, akampimia kila mtu kata moja. Nilikasirika. Ulezi ule niliulima mimi. Sefu, kijana mwenzangu, alikuwa akilala tu, naye akapata kata ileile.

“Mama, hata wavivu?”

“Wadachi wanahesabu vichwa wapate kodi,” akasema. “Mimi nahesabu matumbo.”

Tabu, aliyekuwa mjamzito, akapimiwa kata mbili.

Mwisho wa mstari akaja askari mmoja wa wale waliotuchomea, amekonda kama sisi, hana chombo. Mama hakumuuliza neno, akachota kata iliyojaa. Askari akavua tarbushi ya Wadachi, akaikinga kwa mikono miwili.