Fundi Rangi na Sufuria la Maharage

Wateja walimwita Mama Kona kwa sababu mgahawa wake ulikuwa kwenye kona, pale barabara mbili zinapokutana. Meza chache, mabenchi, na sufuria la maharage ambalo mtu alilinusa tangu kituo cha basi. Bei yake hata kibarua aliimudu. Halafu yakaja mafua. Mafua gani yale, jamani! Yalimlaza chali, na yalipoondoka yaliondoka na pua yake na ulimi wake. Akikaanga kitunguu, hanusi kitu. Akionja mchuzi, maji ya moto tu.

Hakumwambia mtu. Mgahawa ule ndio uliowalea yeye na binti yake tangu mumewe afariki. Ikijulikana kwamba mpishi hasikii ladha, nani atakuja kula? Basi akawa anapika kwa kukisia. Anatia chumvi, anaonja, hasikii kitu, anaongeza. Wateja wake wa siku zote, yule fundi viatu wa pale nje, muuguzi wa zahanati na wenzao, walikula wakashukuru. "Ahsante Mama, Mungu aibariki mikono yako." Moyo wake ukatulia. Aliona tu kwamba majagi ya maji yanakauka upesi na wapita njia wanapungua, akalaumu joto.

Siku moja mchana akaingia fundi rangi aliyekuwa akipaka jengo la ng'ambo, rangi imemtapakaa hadi kwenye nyusi. Akachota kijiko kimoja tu.

"Lo! Mama, umepika maharage, au umepika chumvi ukaitilia maharage?"

Fundi viatu akamkazia macho. "We bwana, kula unyamaze."

"Ninyamaze vipi na ulimi unawaka? Kwani nyinyi wenzangu hamsikii?"

Muuguzi akainamia sahani yake. Mama Kona akawatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kuinua uso. Hapo ndipo alipojua.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ulipougua, Mama," muuguzi akajibu kwa sauti ya chini. "Tuliona haya. Umetulisha miaka yote hii, hata tusipokuwa na kitu. Tungeanzia wapi?"

"Mngeanzia kwenye chumvi! Wateja wananikimbia, nyinyi mnanichekea tu! Huruma gani hiyo ya kunifungia biashara?" Alitaka kuzima jiko, afunge mlango, basi. Ndipo akaona fundi rangi ameshachomoka kimyakimya.

Akatoka mbio, mwiko mkononi. Fundi rangi kugeuka na kuuona ule mwiko, akaongeza mwendo.

"Mama, yaishe! Mdomo wangu hauna breki, hata mke wangu anajua!"

"Simama, mwanangu! Sikupigi!" Akamfikia chini ya ngazi yake ya kupakia rangi, anahema. "Kesho, kabla sijafungua, njoo unionjee. Useme hivyohivyo ulivyosema leo. Ulimi wangu umekufa."

Neno lilikuwa limemtoka, tena barabarani, watu wakipita. Fundi rangi akamtazama, utani ukamtoka usoni, lakini haukwenda mbali.

"Na chakula?"

"Utakula bure mpaka ushibe."

"Basi nitakukosoa mpaka unichukie."

Asubuhi akaja kweli. Mama Kona akamdondoshea mchuzi kiganjani, naye akaulamba.

"Maji matupu. Leo umeogopa."

Akatia chumvi kidogo, akakoroga, akamdondoshea tena.

"Bado."

Mara ya tatu fundi rangi alilamba, akalamba tena kiganja ambacho hakikuwa na kitu. "Mama," akasema, "hapo usiguse."

Machozi yakamtoka palepale mbele ya jiko. "Ahsante, baba. Mungu akuweke."

Saa ya chakula wale wa siku zote waliingia wamenywea, kila mtu na aibu yake. Aliwapakulia, akarudi jikoni, akasimama akisikiliza vijiko. Hakuna aliyesifu. Baadaye fundi viatu akainuka na sahani yake tupu, akaja nayo mpaka mlangoni pa jikoni.

"Mama, niongeze."

Tangu augue, hakuna aliyewahi kuomba kuongezewa. Mama Kona akaipokea ile sahani kwa mikono miwili.