Rivasi ya Des

Aliyepita kando ya mto Thomson asubuhi ile ya Julai aliwaona Des na Glenys wamejianika juani, kila mmoja na kiti chake cha turubai na kikombe chake cha chai, akawaonea wivu. Usiku barafu ilikuwa imelala juu ya majani, lakini jua lilikwisha kuifuta, na kasuku walikuwa wakipigiana kelele juu ya mikaratusi. Watu wa umri wao huko kusini walikuwa wamejikunyata mbele ya hita wakihesabu vidonge. Hawa wawili walikuwa wamevua hata soksi.

"Mnakula maisha ninyi!" Kev akapaza sauti kutoka kwenye karavani yake, kijumba cha kuvutwa na gari. Kev alikuwa mgane wa Bendigo, amekaa pale tangu baridi ianze, na ndiye aliyejipa cheo cha kuwasha moto wa kambi kila jioni.

"Tunayala kabla hayajatula!" Des akamjibu, akainua kikombe.

Alikiinua kuelekea sauti ilikotoka. Glenys alikitazama kile kikombe kikipita pembeni kabisa ya Kev. Mumewe hakuwa anamwona Kev. Akimtazama mtu usoni, uso haupo. Panabaki doa la kijivu, na kandokando ya doa vipande vya dunia. Des aliita hali hiyo macho ya uzee. Alikuwa ameiita hivyo kwa muda mrefu, na Glenys naye akaitikia hivyo hivyo, kwa sababu nyumba yao ya Ballarat ilikwisha kuuzwa na fedha zote ziko katika gari-nyumba hili jeupe lenye kitanda, jiko na choo. Hawakuwa na mahali pengine. Binti yao Karyn alikuwa na chumba cha nyuma kule Geelong, chenye baiskeli za watoto na ukuta wenye unyevu, na Des alikwisha kusema mara moja na kwa daima: siku atakayonyang'anywa usukani, wamchimbie shimo kabisa.

Basi waliendesha wawili. Des alishika usukani, Glenys akawa macho. "Lori linakuja. Shika kushoto. Kona, kona, punguza. Kangaruu kulia, anasimama, haya pita." Maneno hayo aliyasema kutwa, barabara nzima, mpaka koo linakauka, na Des alifanya kila alichoambiwa bila kuuliza. Glenys mwenyewe hakuwahi kushika usukani wa gari lile kubwa. Des hakutaka, naye hakudai.

Yangeendelea hivyo kama si siku ile kabla hawajafika mtoni, walipokuwa wakitokea Blackall. Barabara ilikuwa inatengenezwa. Palisimama binti mwenye koti la rangi ya chungwa na kibao cha SIMAMA. Glenys alikuwa ameinama kidogo tu, anatafuta miwani iliyoanguka miguuni. Alipoinuka, binti alikuwa mbele ya kioo, mdomo wazi. Sauti haikumtoka Glenys. Binti aliruka mtaroni, kitu kikagonga ubavu wa gari, na Des akauliza, "Nini hicho?"

"Koni," Glenys alisema. "Umegonga koni ya barabarani tu."

Kwenye kioo cha pembeni alimwona binti akiinuka. Aliinuka, alijiambia. Nilimwona akiinuka. Amekuwa akijiambia hivyo tangu siku hiyo, akipika, akifua, akilala, na haijamsaidia.

Ndiyo maana wako hapa hawaondoki. Kila siku ya starehe Glenys aliinunua kwa uongo. Jana mgongo. Juzi nguo hazijakauka. Kabla ya hapo upepo. Yamemfika shingoni, na leo hana uongo mpya.

"Kesho tung'oe nanga, bibie," Des alisema huku akipapasa meza kutafuta mkate wake wa kuchoma. "Samaki wa Karumba wananiita kwa jina."

"Samaki wa hapa wana ubaya gani?"

"Wa hapa wana matope mpaka rohoni. Isitoshe, nimeanza kuota mizizi. Kev ataning'inizia nguo mwilini."

Glenys alicheka, kwa kuwa Des alisubiri acheke. Kisha akamsukumia mkate mpaka ukagusa vidole vyake, akachukua gazeti la zamani, akamsomea fumbo la maneno kwa sauti kama kila siku. Des alijibu nusu yake kabla hajamaliza kusoma. Kichwa cha mzee huyu ni kizima, kizima kuliko cha wengi pale kambini, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kama angekuwa mpumbavu au mkali, angemwambia zamani. Baadaye walishuka mtoni na fimbo za kuvulia. Glenys alimfungia ndoana, akamtilia chambo, akamwelekeza pa kutupa. Mwari wawili, wale ndege wenye mfuko mdomoni, walielea karibu wakingoja riziki isiyokuja. Des aliegemea bega la mkewe akasema hajawahi kuwa na raha kama hii maishani, na Glenys alitamani kulia kwa nguvu mpaka mwari waruke.

Mchana waliingia Ross na Noelene, watu wa Adelaide, na karavani ndefu kupita kiasi.

Sinema ya kambi za namna hii ni mgeni anapopiga rivasi. Watu huacha vyombo, huburuta viti, hukaa mstari mmoja. Mume yuko kwenye usukani, mke nyuma anapunga mikono, na mapenzi ya miaka mingi hupimwa pale hadharani.

"Kulia!" Noelene alipiga kelele.

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kulia kwa karavani, wewe!"

"Karavani ina kulia?"

Watazamaji walitoa maksi, mbili, tatu, na Kev akatoa moja kwa huruma. Mwisho Ross aliiacha karavani imekaa mshazari, tairi moja kwenye kichaka, akashuka bila kumtazama mkewe.

"Mngemwona Des siku aliyofika," Kev aliwaambia. "Huyu bwana na mkewe hawapungi mikono. Wanatumia redio za upepo, wanaongea taratibu kama wako kanisani. Gari likaingia kati ya miti miwili kama mkono kwenye mfuko. Kumi juu ya kumi. Ndiyo ndoa hiyo."

Des alivimba kichwa kidogo, kama mwanaume yeyote angevimba. Glenys aliangalia viatu vyake.

Saa kumi na moja kila mtu alibeba kiti chake, kinywaji chake na sahani yake ya jibini na biskuti za chumvi, wakazunguka moto wa Kev. Hapo huulizi mtu alikuwa nani kazini. Unauliza anatoka wapi, anaenda wapi, na barabara ikoje. Kev akamuuliza Noelene barabara ikoje.

"Usiniulize mie," Noelene alisema, akishika mvinyo wake kwa mikono miwili. "Tumelala Blackall. Mama mmoja anayeuza baa pale, bintiye anashika vibao barabarani. Limepita gari-nyumba, jeupe, halikupunguza hata chembe. Mtoto akaruka mtaroni. Mkono umevunjika mara mbili, wamemtia chuma. Na mpaka leo akisikia gari kubwa anajificha jikoni. Binti mzima!"

Moto ulipiga cheche. Glenys aliyarudia maneno yale moyoni. Mara mbili. Alimwona akiinuka, kumbe aliinukia mkono mmoja.

"Dereva hakusimama?" Kev aliuliza.

"Hakusimama. Walisema mzee, na mama pembeni."

"Mshenzi," Des akasema. Alisema kwa hasira ya kweli, ameinama mbele kiti kikilia. "Anyang'anywe leseni leo leo. Afungwe. Na huyo mkewe? Alikuwa anafuma sweta? Mwanaume anaweza kuwa kipofu, sawa, lakini yeye ana macho. Kaona mtoto wa mtu ameanguka, kaacha gari liende. Huyo mke ndiye mbaya zaidi, nawaambia."

"Kweli kabisa," Noelene akasema.

"Glenys, si kweli?" Des akageuka kumtafuta.

"Kweli," Glenys akasema.

Laiti ardhi ingepasuka immeze. Haikupasuka. Watu waliendelea kula jibini. Alifungua mdomo mara mbili amwambie pale pale, na mara zote mbili maneno yalikwama palepale yalipokwama siku ile mbele ya kioo. Kesho Des atawasha gari. Kesho kutwa kutakuwa na barabara nyingine na binti mwingine, na yeye atakuwa ameinamia miwani, au amesinzia, au amepiga chafya.

Ross ndiye aliyeleta mambo. Alisema karavani yake haitalala vile mshazari, mkewe hatafumba macho, na kama Des angesogeza lake mbele kisha akalirudisha nyuma upande wa pili wa mti, wote wangetosha.

"Sasa hivi, mwanga ungalipo," Des akasema, akasimama. "Tazama na ujifunze, kaka."

Kambi nzima ilicheka na kuinua viti. Wakajipanga mbele ya gari, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na nafasi, na hakuna aliyejali kwamba gari lingesogea huko kwanza, maana huyu alikuwa Des wa kumi juu ya kumi. Glenys aliwaona pale, mapaja yao na sahani zao za biskuti, hatua chache tu kutoka kwenye bampa. Des alipanda, akawasha. Redio ilikoroma mkononi mwa Glenys.

"Haya, mama. Mbele kuko wazi?"

Glenys hakwenda nyuma ya gari anakosimama siku zote. Alitembea mpaka mbele, akapita kati ya taa mbili, akasimama sawasawa na kioo, uso kwa uso na mumewe, karibu kiasi cha kuhesabu vifungo vya shati lake. Akainua mkono juu.

"Glenys? Nimeuliza, mbele kuko wazi?"

Sauti yake ilitoka redioni kwa nguvu, kila mtu akaisikia. Noelene alicheka. "Huyo hapo mbele ya pua yako, Des!" Wengine wakacheka pia, wakidhani ni mzaha wa watu waliozoeana.

"Glenys, uko wapi? Usinitanie, niambie niende."

Injini ilinguruma, gari likatikisika. Hakushusha mkono. Kicheko kikapungua, kikabaki kwa Ross peke yake, kisha naye akanyamaza.

Des aligeuza kichwa pembeni, kama ndege anavyotazama punje, akitafuta kwa ukingo wa jicho. Alikizungusha polepole mpaka alipoupata mkono wa mkewe, kisha nywele zake, kisha viti vyote vile nyuma yake na watu waliovikalia. Akazima gari.

"Umesimama hapo tangu lini?" redio ikasema.

"Tangu ulipowasha."

Sauti ikaja, ndogo, si ya Des anayemjua. "Blackall. Uliniambia koni."

"Nilikuambia koni."

"Glenys."

"Alikuwa binti, Des. Nilimwona."

Noelene aliinuka kwenye kiti, mkono mdomoni, akasogea karibu na mlango wa gari asijue anaenda kufanya nini. Kev alivua kofia. Hakuna aliyemtazama Glenys, na hilo alilitegemea. Alichokuwa hajakitegemea ni jinsi Des alivyojikunja juu ya usukani, mabega yote mawili, mtu mzima analia mbele ya watu aliowataka wamheshimu. Aliyemfanyia hivyo ni yeye, mkewe. Angefanya tena, na alijua hatasamehewa, pengine hata na nafsi yake.

Mlango ulifunguka. Des alichomoa ufunguo, akapapasa ngazi kwa mguu, akashuka. Watu wawili walikuwa mbele yake, Noelene na Glenys aliyekuja mpaka mlangoni. Aliunyoosha ule ufunguo kwa Noelene, akasema, "Shika, Glenys."

Noelene alimtazama Glenys, kisha akaupokea.