Mgeni wa Bi Mkubwa

Tuseme ukweli tangu mwanzo: dobi yule alikuwa bingwa. Wapo madobi wanaolowesha nguo tu, wakazianika na kudai malipo. Yeye alikuwa anafua. Shati likiingia kwake na doa la wino, doa la mchuzi na doa ambalo mwenyewe hataki kulieleza, lilitoka kana kwamba limeshonwa asubuhi ile. Kazi aliifanyia nyumbani, chumba cha mbele, kati ya mabeseni matatu, meza ndefu ya kupigia pasi na kamba zilizoanzia dirishani zikaishia uani. Na alikuwa na kanuni mbili ambazo bintiye alizijua kabla hajajua kusoma. Ya kwanza, shati huanzwa kwenye kola, kwa sababu shingo haidanganyi. Ya pili, kitu hakitoki mikononi mwake kikiwa kichafu, hata kiwe kitambaa cha kufungia mzigo.

Mwenye nyumba, hata hivyo, hakuwa yeye. Alikuwa Bi Mkubwa, paka wa kijivu mwenye miaka kumi na sita, aliyekaa mwisho wa meza ya pasi, pale joto linapofika bila kuunguza. Jamani, yule paka! Alipita juu ya mashati yaliyonyooshwa asiache hata kunyanzi moja. Suti nyeusi zikiwekwa mezani, alishuka mwenyewe, bila kuambiwa, ili asiache manyoya. Mwalimu mkuu mmoja, mtu wa kukunja ndita hata akicheka, akija kuchukua suti yake alimwamkia paka shikamoo kwanza, ndipo aulizie suti.

Bi Mkubwa aliletwa na mama wa nyumba ile, aliyemwokota akiwa mdogo wa kuenea mfukoni. Mama alifariki miaka sita iliyopita. Tangu hapo walibaki watatu: dobi, bintiye kitindamimba, na Bi Mkubwa. Sasa binti alikuwa amemaliza mafunzo ya unesi na kupangiwa kituo cha kazi, safari ya siku nzima kwa basi. Angeondoka Jumapili ya wiki iliyofuata. Sare zake sita nyeupe zilikuwa tayari kwenye sanduku, zimepigwa pasi na baba yake mpaka ukaogopa kuzigusa.

Binti hakuogopa kazi mpya. Aliogopa ile nyumba bila yeye. Bi Mkubwa alikuwa mzee, tusijidanganye, na ingefika siku ambayo baba angezima pasi jioni asisikie pumzi nyingine humo ndani. Maneno hayo hakuweza kumwambia. Akamwokota mtoto wa paka nyuma ya jiko la zahanati, mweusi tii, mviringo, akamwita Kifungo, akaja naye nyumbani Jumamosi akiwa amejipanga na uongo.

"Baba, nimekuletea wa kukamata panya."

Dobi hakuinua macho kwenye pasi. "Panya gani? Wote Bi Mkubwa aliwamaliza wewe ukiwa darasa la pili."

Binti akajifanya hamnazo, akamweka Kifungo sakafuni. Hapo ndipo alipoharibu. Kifungo, ambaye adabu hakuwahi kufundishwa na mtu, alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya meza, akaruka, akaning'inia kwenye mkia wa Bi Mkubwa. Bi Mkubwa alivimba akawa paka wawili. Akatoa sauti ambayo kwa miaka kumi na sita hakuna aliyejua kuwa anayo, akapita dirishani, akaenda kukaa juu ya bati la fundi saa wa jirani. Chakula cha mchana hakukigusa. Cha jioni pia hakukigusa.

Dobi alisimama uani akiangalia bati lile mpaka shingo ikamuuma. Aliporudi ndani, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanangu, huyu akinihama kwa hasira, mimi sitaweza. Nakupa mpaka Jumamosi ijayo. Wakipatana, mgeni abaki. Wasipopatana, aende kwa fundi saa. Ameshasema anamtaka."

Binti akakubali. Angefanya nini? Jumapili asubuhi alimpigia simu rafiki yake, daktari wa mifugo, akapewa masharti. Kifungo afungiwe chumba cha peke yake. Walishwe pande mbili za mlango mmoja, huyu ndani, yule nje. Na kila mmoja alalie kitambaa chake, kisha kila jioni vitambaa vibadilishwe, cha huyu apelekewe yule, mpaka wazoeane kabla hawajaonana tena.

"Ya vitambaa niachie mimi," alisema dobi, aliyekuwa anasikiliza huku anajifanya anakunja shuka. Akachana shuka kuukuu la pamba vipande viwili sawasawa, akavipinda kingo kwa mkono ili visichanike. Binti akafurahi. Nani mwingine wa kukabidhiwa kitambaa?

Bi Mkubwa alishuka kutoka kwenye bati Jumapili ile ile, kwa hatua za mtu anayerudi kwa sababu zake mwenyewe. Akarudi mwisho wa meza. Alikula kidogo, tena mbali na ule mlango. Jumatatu binti aliufungua mlango upana wa kidole. Bi Mkubwa akafoka. Jumanne, upana wa kidole. Akafoka na kutema mate. Jumatano aliupiga mlango wenyewe kofi. Kila jioni dobi alibadilisha vitambaa bila kukosa, na kila jioni Bi Mkubwa aliletewa cha mgeni, akakinusa mara moja, akakilalia kwa amani kabisa, kama hakina habari yoyote.

"Mbona kitambaa anakikubali na mwenyewe anamkataa?" binti aliuliza.

"Ana mambo yake," alisema dobi. "Jikaze kisabuni, siku bado zipo."

Siku hazikuwepo. Alhamisi adhuhuri binti alirudi kutoka kuwaaga wenzake wa zahanati, akapita mlango wa uani. Kwenye kamba, kati ya soksi za watu na pazia la mtu, vilining'inia vipande viwili vya shuka la pamba, kimoja karibu na kingine, vimebanwa kwa vibanio vinne, vyeupe mpaka vinaumiza macho.

"Baba! Hivi ni nini?"

"Si vile vya paka."

"Umevifua?"

Dobi alitokea mlangoni na pasi mkononi, amekasirika kwa kuulizwa. "Sasa ulitaka nimpelekee Bi Mkubwa kitambaa kilicholaliwa na mtoto wa nyuma ya jiko? Kichafu? Mimi?"

"Tangu lini?"

"Kila siku. Nafua, naanika, napiga pasi, ndipo nabadilisha." Akafikiri kidogo, asifiche kitu. "Na wanga. Lakini kidogo tu."

Binti alicheka. Alicheka akavunjika mbavu, akalifudikiza beseni akalikalia, akacheka tena. Halafu bila kujua kicheko kiliishia wapi, akawa analia. Siku nne nzima paka wawili walikuwa wamejulishwa kwa makini sana harufu ya sabuni. Zilibaki siku mbili.

"Baba, harufu ndiyo jina lake. Ndiyo sura yake. Bi Mkubwa hataki kitambaa kisafi, anataka kumjua aliyekilalia. Ukikifua, umemfuta mtu."

Neno hilo lilimtoka kwa nguvu kuliko yalivyostahili mambo ya paka, na wote wawili walilisikia. Kwa sababu binti alikuwa nalo moyoni miaka sita. Mama alipofariki, dobi alizifua nguo zake zote kwa siku moja. Alianza alfajiri, akamaliza jua likizama. Akapiga pasi, akakunja, akawagawia ndugu, kila mmoja na furushi lake. Watu walimsifu kwa moyo ule. Binti, wakati huo na miaka kumi na saba, alikwenda kabatini siku ya tatu kutafuta chochote, hata kitambaa cha kichwani, akapata harufu ya sabuni na mbao. Hakumwambia baba yake. Aliendelea kumpenda na kumstahi, na ndani ya mapenzi hayo alibaki na kijiwe kimoja kidogo ambacho hakikusagika kamwe.

Dobi aligeuka. Alirudi ndani, akaiegesha pasi mezani, na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alimwambia mteja arudi kesho.

Ijumaa asubuhi binti alifungua chumba ampe Kifungo maziwa. Hakumkuta kwenye kipande cha shuka. Alikuwa amelala katikati ya sweta la rangi ya damu ya mzee, kiwiko kimoja kina kiraka, mfuko wa kulia umelegea kwa sababu hapo ndipo Bi Mkubwa alipobebwa alipokuwa mdogo wa kuenea mfukoni. Kwenye mkono wa sweta kulikuwa na doa la mafuta ya kupikia, la duara, limekauka zamani.

Binti alipiga magoti. Hakuhitaji kulinusa, lakini alilinusa. Chini ya harufu ya paka, chini ya harufu ya kabati, kwa mbali sana, mama alikuwepo.

Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake, mikono haijui ikae wapi.

"Hukulifua," alisema binti.

"Kila Ijumaa nilikuwa nalitoa, nasema leo. Nalifikisha mpaka kwenye beseni." Akasafisha koo. "Nikalificha chini ya mablanketi. Niliona aibu, mwanangu. Dobi gani anaweka nguo chafu kabatini miaka sita?"

"Mimi nilidhani ulizifua zote."

"Zile nyingine nilizifua ili nisizione. Hili lilinishinda."

Binti alimshika mkono, ule mkono mgumu uliochomwa na pasi mara zisizohesabika, na kijiwe kile alichokibeba miaka sita akakitafuta asikione. Kisha akashtuka.

"Lakini Baba, sasa litanuka paka! Harufu yake itaisha!"

"Inaisha hata hivyo. Mwezi uliopita nililinusa, nikapata kabati tu. Nikarudia mara tatu." Akamwangalia Kifungo, aliyekuwa anapiga miayo juu ya hazina ya watu bila wasiwasi. "Bi Mkubwa ana pua kali kuliko mimi. Na mwenye sweta hili ndiye aliyemlea. Acha amtambulishie mgeni. Mimi nimejaribu, nimetia wanga."

Siku nzima na usiku wake Kifungo alilala humo. Jumamosi, saa kumi jioni, walilitandaza sweta sakafuni chumba cha mbele, na Kifungo juu yake, amelala fofofo baada ya kupigana na kamba ya viatu. Mlango wakauacha wazi wote. Binti akakaa kwenye beseni lililofudikizwa. Dobi akasimama mezani na shati la mwalimu mkuu, akijifanya ana kazi, ingawa pasi haikuwa hata na moto. Mgeni angekataliwa, fundi saa alikuwa ameshaandaa boksi.

Bi Mkubwa aliinuka mwisho wa meza. Alishuka polepole, miguu ya nyuma ikisita kidogo, kama inavyosita kwa watu wa umri wake. Akatembea hatua nne, na kwenye ya tano akasimama. Pua yake ikaanza kufanya kazi. Binti aliona manyoya ya mgongo yakiinuka. Lakini Bi Mkubwa hakuwa anamtazama Kifungo. Alikwenda kwenye mkono wa sweta, kwenye lile doa la mafuta, akaingiza uso wote humo, akakaa hivyo. Alikaa muda mrefu kuliko anavyokaa paka kwa jambo lolote. Dobi akageukia dirishani, akasema kuna vumbi.

Kisha Bi Mkubwa akalinusa sweta inchi kwa inchi, kiraka, vifungo, mfuko uliolegea, mpaka akafika palipolaliwa. Kifungo akaamka. Akamwona, na kwa ujinga wake wote akampiga ngumi ya pua.

Binti aliziba mdomo. Bi Mkubwa alifoka mara moja, kavu, akamtandika kofi la kichwa lisilo na kucha, kofi la kumshikisha adabu. Kifungo akakaa chini. Hapo Bi Mkubwa akazunguka mara mbili, akajilaza juu ya nusu ya sweta, nusu iliyo bora bila shaka, akaunyoosha mkono mmoja, akamvuta mgeni kwake, akamkandamiza asitikisike. Akamtazama, toka masikio mpaka mkia, kama mtu aliyeletewa nguo yenye kazi kubwa. Akatoa ulimi, akaanza.

Binti alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, hajali. Baba yake alikuja polepole akachuchumaa kando yake, shati la mwalimu mkuu bado liko begani. Aliangalia ule ulimi ukipita, ukirudi, ukikaza pale pale shingoni, na uso wake ulikuwa wa fundi anayemtazama fundi.

"Umeona?" alinong'ona. "Ameanza na kola."