Mlango wa Kufunguliwa kwa Nje

Gari la baba mkwe wa Murugi lilikuwa na milango miwili, na kati ya hiyo miwili mmoja haukuwa mlango tena. Wa kushoto uligongwa na mkokoteni wa punda kule Kiganjo, ukachomelewa usije ukaanguka njiani. Wa dereva ulikuwa mzima, ila ulikubali kufunguliwa kwa nje tu. Aliye ndani alishusha kioo, akatoa mkono, akashika kitasa cha nje, akajifungulia. Na kile chuma cha kuzungushia kioo kilikuwa kimoja, cha kuchomoa na kuchomeka, kikikaa kwenye kidroo cha dashibodi pamoja na kaseti za kwaya. Watu wa boma hilo walishazoea, wala hakuna aliyeona kwamba ni ugonjwa.

Murugi naye alizoea. Asubuhi hiyo ya Novemba alimlaza Ngendo, mtoto wake wa miezi sita, ndani ya karai la kufulia lililotandikwa blanketi, akalikaza kwenye kiti cha pembeni. Akaweka bahasha juu ya dashibodi: kadi ya mtihani, kitabu cha majedwali ya logi, rula, penseli mbili alizozichonga usiku. Akauvuta mlango ukafunga. Hakufikiria kuangalia kidroo. Nani huangalia kama kijiko bado kiko jikoni?

Ilikuwa siku ya hesabu. Masomo mengine alikuwa ameshayamaliza. Hesabu ndiyo iliyosimama kati yake na chuo cha ualimu, kama mbuzi aliyelala mlangoni. Shule aliiacha kidato cha tatu. Alirudi akiwa mke wa mtu, jioni tatu kila wiki katika ukumbi wa kanisa pale Othaya, tumbo likikua kila muhula hadi akawa anaandikia pembeni ya dawati. Sasa kituo cha mtihani kilikuwa Nyeri mjini, karatasi ilianza saa mbili, na waliambiwa wazi kwamba ikifika saa mbili na nusu lango linafungwa. Aliyechelewa angojee mwaka ujao. Murugi aliujua mwaka ujao. Kila mara ulikuja na mzigo wake kichwani: mtoto mwingine, au mvua kukataa, au mama mkwe kuugua mgongo.

Mumewe, Mathenge, ndiye aliyesema aende na gari. Karatasi iliyopita Murugi alingojea matatu ijae mpaka akaingia chumbani akihema, jasho likidondokea jina lake. Safari hii hapana, alisema Mathenge. Na kwa kuwa gari lilikuwa likikohoa kwenye milima, Jumamosi alilipeleka kwa fundi mmoja kando ya barabara, jina lake Njiru, aliyeandika kwenye bati la kibanda chake, kwa rangi nyekundu: DAKIKA KUMI TU. Mathenge aliketi kwenye kioski ng'ambo ya barabara na chai na mandazi, na kabla ya kikombe cha pili kwisha akaitwa. Alirudi nyumbani, Murugi akamfungulia mlango kwa nje, naye akamsifu fundi huyo hadi kwenye chakula. Hata honi, iliyokuwa bubu mwaka mzima, sasa ililia kama ng'ombe aliyetenganishwa na ndama. Jumapili akapanda basi kurudi Murang'a kwenye kazi yake ya ujenzi, moyo umetulia.

Jambo dogo tu Murugi aliliona, akalipuuza. Nepi moja haikuonekana, ile aliyoipindia ukingo wa njano kwa mkono, ambayo alikuwa ameitandaza kiti cha nyuma ikauke. Alilaumu upepo.

Gari lilianza kuishiwa pumzi kwenye kilima cha mwisho kabla ya mto. Alikanyaga mafuta, likajikaza, likaguna. Katikati ya daraja lile jembamba, ambalo magari hupita moja moja kwa adabu, likazima. Aliwasha. Likatetemeka, likakaribia, likazima. Aliwasha tena na tena, mpaka akaona aibu kama mtu anayemsumbua mgonjwa. Saa yake ilisema saa moja na dakika ishirini.

Basi, ashuke afungue boneti, aombe watu wasukume. Akafungua kidroo. Kaseti zilikuwepo. Chuma hakikuwepo.

Alizitoa kaseti zote, akapapasa chini ya kiti, akapapasa hata ndani ya karai chini ya mtoto. Ndipo akamkumbuka Mathenge akisimulia, kwa kicheko, kwamba fundi alikuwa na mkono mwepesi, alikuwa akitengeneza magari mawili pamoja, na la pili lilikuwa na kioo kilichokwama. Chuma chao kilikwenda kuazimwa, na kwenye dakika kumi hakukuwa na dakika ya kukirudisha.

Mvua ikaanza, ile ya baridi ya kutoka mlimani, nyembamba na isiyo na haraka.

Nyuma yake kulikuwa na lori la majani chai, nyuma ya lori matatu mbili, kisha magari ambayo hakuweza kuyahesabu. Mbele, upande wa pili wa daraja, alisimama bwana mmoja wa tai ndani ya gari jeupe, na nyuma ya bwana huyo foleni nyingine. Walianza na honi fupi, za kuuliza. Zikafuata ndefu. Dereva wa matatu alitoa kichwa dirishani akauliza kama leseni yake aliinunua kwenye kioski pamoja na sukari. Mwingine akajibu kwamba huyo hana kosa, kosa ni la aliyempa ufunguo. Watu wakacheka, kila mmoja akiwa ndani ya gari lake, mlango umefungwa, mvua isimguse.

Murugi alipiga kioo kwa kiganja. Alimwelekeza yule bwana wa tai kwenye mlango, akafanya ishara ya kushika kitasa na kuvuta. Bwana alimulika taa. Murugi akamwinua Ngendo ili aonekane. Bwana akamwonyesha saa yake ya mkononi.

Alifikiria kuvunja kioo kwa kiatu, lakini vipande vingemwangukia mtoto. Alishika kile kinundu cha chuma kilichobaki mlangoni, akakipinda kwa vidole, kwa meno ya kitana, kwa pindo la leso, kikakataa. Hewa ilikuwa nzito na vioo vimefunga ukungu wa pumzi zao wawili. Ngendo akaanza kulia, kilio cha njaa na cha makelele. Murugi alimpa titi huku akilia naye kidogo, kwa siri, ingawa hakuna aliyekuwa akiona.

Saa mbili kasorobo.

Mkono mmoja tu, aliwaza. Watu wote hawa, mikono yote hii, na ninahitaji mmoja tu, kwa nje, kwa muda wa kusema amina. Alikuwa amewaomba kwa ishara, kwa uso, kwa mtoto, na hakuna aliyelowa kwa ajili yake. Kwa ajili ya mtu mpole hutoki kwenye joto la gari lako. Unatoka kwa ajili ya nani? Alilifikiria hilo akiwa ameshika kichwa cha mtoto. Unatoka kwa ajili ya yule aliyekukasirisha.

Murugi hakuwa mtu wa kelele. Kwao alilelewa apishe wakubwa njiani, na kwa mumewe aliendelea kupisha. Alimrudisha Ngendo karaini, akamfunika masikio kwa ncha za blanketi, akaegemeza kiwiko juu ya honi. Hakukiondoa.

Honi ya fundi Njiru ilifanya kazi iliyotengenezewa. Ililia ikavuka mto, ikagonga ukingo wa pili, ikarudi. Nyingine zote zikanyamaza moja moja, kwa mshangao. Bwana wa tai alifungua kinywa. Murugi akahesabu, kama walivyofundishwa kwenye darasa la jioni kuhesabu kabla ya kukata tamaa na swali. Alipofika sitini na mbili, mlango wa lori ulibamizwa kwa nguvu. Kwenye kioo cha nyuma aliona kivuli cha mtu mpana, gunia kichwani kuzuia mvua, akija kwa hatua za mtu anayekwenda kufundisha mwingine adabu.

Mtu huyo alishika kitasa cha nje akauvuta mlango kama anayeng'oa mhogo.

"Wewe mama, uko na wazimu? Hii daraja ni ya baba yako?"

Baridi na harufu ya majani mabichi vikaingia. Murugi alitoa mguu mmoja haraka, akaukanyagisha kwenye lami.

"Asante, baba," alisema. "Sasa tafadhali usifunge."

"Ati nini?"

"Mlango ulikuwa haufunguki kwa ndani. Niko na mtihani saa mbili. Na gari haivuti hewa, nafikiri."

Mtu huyo alimtazama. Akatazama karai, mtoto, kaseti zilizotawanyika, alama za viganja kwenye ukungu wa kioo. Jina lake lilikuwa Gicheru, na alikuwa amebeba matusi mazito tangu kule kwenye lori. Sasa hakujua ayaweke wapi. Mwishowe alisema polepole kwamba alidhani mama huyu anaringa.

Aliinua boneti. Alipapasa penye bomba la hewa, akaingiza vidole viwili, akavuta. Kitu kikatoka taratibu, kirefu, kimelowa mafuta meusi, na kwenye ukingo wake bado kulikuwa na uzi wa njano. Gicheru alikishika mbali na mwili wake.

"Mama, gari yako imefungwa nepi."

Murugi alicheka mpaka akashika ubavu wa gari asianguke. Ni kazi ya fundi wa dakika kumi, alieleza. Aliziba bomba uchafu usiingie, akasahau kuzibua. Gicheru alisonya, akasema mafundi wa siku hizi wangezaliwa kwa haraka hivyo wangekosa pua.

Gari likawaka mara ya kwanza. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano. Gicheru alitaka kumfungia mlango kwa heshima, Murugi akaruka kuuzuia; kufungwa ni kurudi kulekule. Akachukua ile nepi, akaipitisha kwenye mkono wa mlango, akaifunga fundo kwenye nguzo ya kiti chake, mlango ukabaki wazi kiasi cha kupita vidole. Gicheru akatembea hadi ng'ambo ya daraja, akamgongea bwana wa tai kwenye boneti na kumwambia arudi nyuma. Bwana alirudi.

Njia nzima hadi Nyeri mvua ilimlowesha Murugi bega la kulia. Nyuma yake lori lilimfuata likipiga honi kwenye kila kona, kwa sababu Gicheru alikuwa Gicheru, na kwa sababu safari hii alikuwa akiwaondoa wengine njiani.

Watiri, dada yake Murugi aliyeahidi kumshika mtoto, alikuwa akingoja langoni chini ya mwavuli, uso umepauka kwa wasiwasi. Saa mbili na dakika ishirini na tatu. Murugi hakungoja kufunguliwa. Alifungua fundo, akausukuma mlango kwa goti, akamkabidhi Ngendo na lile karai, akakimbia na bahasha kifuani.

Msimamizi alitazama kadi, akatazama mikono yake, myeusi hadi kwenye vifundo. Akamwambia anawe kwanza, karatasi isichafuke. Bomba lilikuwa kando ya mlango wa chumba, na mlango, aliona Murugi akipita, ulikuwa na kitasa pande zote mbili.