Mbolea ya Mheshimiwa

Wasomaji wote na wasimame: anayeletwa kutoka uani ndani ya beseni la kufulia ni Mheshimiwa, kobe wa bibi yangu, na hali yake si nzuri.

Ndivyo nilivyomkuta niliporudi likizo. Shingo imelegea, jicho moja limefumba, chakula hataki. Watu husema kobe akiinama anatunga sheria, lakini huyu alikuwa amelifunga bunge.

Mjomba, anayeishi na Bibi, akanivuta hadi kwenye matuta. Bibi alifanya kazi kwenye kitalu cha miche hadi akastaafu, na uani kwake amepanda mboga za mchunga na matembele kwa ajili ya Mheshimiwa peke yake. Sisi wengine tukichuma tunaulizwa kama tumeota gamba.

Sheria zake nilizijua kabla sijajua kusoma. Mbolea ya chumvichumvi hutiwa kwenye mfereji mdogo, mbali na shina, ikafukiwa, ikamwagiliwa maji mengi. Kisha tuta linafungwa kitambaa chekundu, na halichumwi jani hapo mpaka Bibi mwenyewe akifungue. Nilipokuwa mdogo alinilowesha kiganja, akanimwagia punje chache. Zikayeyuka, kiganja kikawa baridi kama nimeshika barafu.

"Umeona? Ndiyo maana haigusi jani," alisema. "Baridi hiyo ikiingia tumboni mwa Mheshimiwa, tumemzika."

Sasa punje nyeupe zilikuwa zimetapakaa juu ya majani yenyewe, kama chumvi kwenye yai. Kitambaa chekundu hakikuwepo.

"Bibi yako anatia kila siku," alisema Mjomba. "Akitia leo, kesho hakumbuki. Daktari anasema ni uzee, hauna dawa. Nikificha kopo la mbolea anazunguka nyumba nzima analia, anauliza amenikosea nini. Nikimpa samadi anasema samadi hata mtoto anatia. Basi, kobe akipata nafuu nampeleka kwa rafiki yangu."

"Halafu Bibi atamlimia nani?"

Mjomba akaangalia viatu vyake.

Tukamloweka Mheshimiwa kwenye maji vuguvugu, tukamletea majani ya kando ya barabara, na mimi nikaingia kazini. Ieleweke kwamba bwenini kwetu ni mimi niliyeivalisha kengele ya alfajiri soksi, shule nzima ikalala hadi uji ukapoa. Heshima kama hiyo haiji bure. Nikaomba maganda ya mayai kwenye mgahawa wa jirani, nikayaosha, nikayaanika, nikayatwanga hadi yakawa punje, nikayajaza kwenye kopo badala ya mbolea yenyewe. Mche hayaudhuru, na kobe akiyala anajenga gamba. Mboga za matutani tulizing'oa zote, tukabadilisha udongo, tukapanda upya.

"We mtoto ni shetani mdogo," alisema Mjomba.

"Asante, Mjomba."

Miche ikachipua. Kila asubuhi Bibi alitia mbolea yake huku akiimba, nasi tukichungulia dirishani. Mheshimiwa akarudi bungeni. Habari ya rafiki yake Mjomba ikafa yenyewe.

Kisha ikaja asubuhi moja ya manyunyu. Bibi alichota punje kwa mkono uliolowa, akasimama. Akafumba kiganja. Akakifumbua.

"Mke mwenzangu," akaniita. Ndivyo anavyonitania tangu babu akiwa hai.

"Abee, Bibi."

"Hii haina baridi."

Uongo ninao ghala zima. Siku ile sikupata hata mmoja.

"Ni maganda ya mayai."

Akayatazama matuta, akamtazama Mheshimiwa. "Nilimlisha sumu?"

"Amepona, Bibi."

"Sijauliza kama amepona."

"Ndiyo. Ulimlisha."

Akaketi ukingoni mwa tuta, kwenye tope. Macho yake yalikuwa yale ya zamani, makali, yasiyopitwa na kitu. Likizo nzima nilikuwa nimeyaombea yarudi. Sasa nilitamani yaende zake.

"Maganda ya mayai," akasema. "Kitaluni ningekufukuza kazi." Akacheka, kicheko kikamkatikia njiani. Akajifuta uso kwa kiganja, punje zikamganda shavuni.

"Kesho nitakuwa nimesahau haya. Nikisahau, usinikumbushe. Kopo lijae tu."

"Sawa, Bibi."

"Na mjomba wako usimwambie kwamba nilijua. Atalia yule."

Asubuhi iliyofuata alinikuta bombani nikipiga mswaki. Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Binti, wewe ni wa hapa? Njoo nikufundishe kitu."

Akanishika mkono, akanilowesha kiganja, akanimwagia punje. Zikakaa palepale, kavukavu, hazina habari na maji.

"Unasikia ilivyo baridi?"

"Nasikia, Bibi. Kama barafu."

"Ndiyo maana haigusi jani," akasema, akachota konzi nyingine, akainyunyizia majani yote.