Mazabodi ya Suhail

Niseme mapema, asije mtu akanihurumia: mazabodi ile, bao kuu la kompyuta, niliichagua mimi. Suhail alinikataza, nami nikaichukua.

Suhail ni mtoto wa dada yangu Mwanawema, mjane anayekaa kijijini Ole. Msimu mmoja wa karafuu tawi lilivunjika naye yuko juu yake, akaanguka chali, na tangu siku hiyo kiuno kwenda chini hakikuwa chake tena. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na diploma ya uchoraji wa majengo ambayo haikuwahi kumlisha hata mlo mmoja.

Fidia ya walioanguka mkarafuuni ilipotoka, kila mtu akawa na rai yake. Nunueni ng'ombe. Fungueni duka. Suhail akasema anataka kompyuta ya mezani yenye nguvu. Nassor, jamaa yetu mwenye kampuni ya ujenzi Maskati, alikuwa amempa jaribio: atengeneze filamu ya jumba la ghorofa sita ambalo halijajengwa bado, mtazamaji aone kama anatembea ndani yake, na jua likiingia dirishani. Ikimridhisha, kazi ingekuwa ya kila mwezi. Alimpa wiki sita. Laptopu ya chuo ilikuwa ikizimika kwa kuchora chumba kimoja tu.

Kazi ya kufanywa na mtu aliyelala. Pemba nzima zipo ngapi? Mimi niliijua hiyo moja.

Mimi ni fundi wa kompyuta, Chake Chake, mwaka wa ishirini na nne huu. Nimezoea kuitwa fundi na kutobishiwa, na hilo ndilo lililoniharibu.

Nilimkuta kalala ubavu, simu mkononi, karatasi juu ya mto wa kulalia. Alikuwa amesoma wiki nzima. Ameandika mazabodi tatu.

"Mjomba, prosesa nshaichagua, haina mjadala. Kazi iko kwenye mazabodi. Hino ya kwanza ni ya kitajiri, tutalipia jina. Hino ya mwisho ina mataa mengi, lakini sehemu yake ya umeme dhaifu. Ya kati ndiyo."

"Sehemu ya umeme ndiyo nini?" nikamuuliza, kumjaribu.

"Vile vidude vilivyoizunguka prosesa, vinavyoipimia umeme. Mie mwisho wa kazi ntaiwasha siku mbili mfululizo, prosesa ivute umeme bila kupumua. Vidude vikiwa vichache, na juu yao hapana chuma cha kupoza, vitaungua. Na chumba hichi, mjomba, wakiona mwenyewe."

Nilikiona. Bati juu yetu lilikuwa likialika kwa jua, na shuka lake limelowa jasho.

"Hino ya kati haina urembo," akasema, "lakini pesa yote imekwenda panapotakiwa. Hata wakikupunguzia nyingine, usichukue. Nakuomba."

Nikamwambia nilianza kufungua kompyuta yeye akijifunza kutambaa. Maneno gani hayo ya kumwambia mtu asiyeweza kusimama? Yalinitoka. Akaikunja ile karatasi, na mimi nikajifanya sikuyasikia.

Nilipovuka kwenda Kariakoo, ile ya kati ilikuwepo. Niliishika mkononi: nyeusi, boksi la kawaida, haina mvuto wowote. Muuzaji akanitolea ile ya mataa. Rangi saba, kifuniko kikubwa cha fedha kando ya prosesa, na bei ameishusha chini ya ile ya kati. Nikajiona mjanja. Prosesa ni ile ile, inakaa pale pale, kitu ni kizuri zaidi na rahisi zaidi. Mtoto wa juzi atanifundisha mimi thamani ya pesa? Kilichobaki nikamnunulia skrini kubwa. Chini ya kifuniko kile mna nini, sikuuliza.

Suhail alipoiona alifumba macho kidogo.

"Mjomba, siyo hino."

"Prosesa imekaa au haikukaa?"

"Imekaa."

"Basi."

Muda wa kurudisha haukuwepo. Akaanza kazi, na lazima niseme kweli, uso wake ulirudi. Akawa anacheka. Majirani wakaja kulitazama lile jumba, wakapanda ngazi zake kwa macho, wakasema mashaallah, na wengine hawakusema. Hao wasiosema ndio waliomtia hofu Mwanawema. Aliogopa husuda.

Dada yangu alifundishwa na marehemu baba yetu kuandika kombe. Kila Ijumaa tangu mwanawe aanguke aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, akampa anywe. Asubuhi Suhail alipoiwasha mashine kwa zile siku mbili za mwisho, Mwanawema alichovya vidole kwenye lile kombe, akairashia kompyuta nayo. Kwa mwanawe kazi, na kwa kazi ulinzi. Alifanya alilolijua.

Kesho yake adhuhuri mashine ikazimika, chumba kikanuka kuungua.

Nikaichukua mpaka dukani, nikaifungua peke yangu. Juu ya bati la kasha la kompyuta palikuwa na matone ya manjano yaliyokauka. Hata moja halikupenya ndani. Nikakitoa kile kifuniko cha fedha: plastiki iliyopakwa rangi, nyepesi haina kitu. Chini yake vidude vichache, viwili vimekuwa mkaa. Pale pale aliponitajia.

Niliporudi Ole, Mwanawema alikuwa kasimama mlangoni, mikono kaishika pamoja.

"Haroub, nambia kweli. Jana niliirashia kombe. Ni yale maji?"

Nikauona mlango wa kuikwepa lawama, nikatoka.

"Maji na umeme havipatani, dada."

Maneno matano. Akakaa chini hapo hapo kizingitini.

Suhail aliita kutoka ndani: "Mjomba, nipigie picha mazabodi, hapo karibu na prosesa." Nikamwambia nimeshaitupa. Alinitazama mpaka nikatafuta viatu vyangu.

Muda wa Nassor ukapita, kazi akapewa mtu mwingine. Suhail akageukia ukutani. Akawa hataki kugeuzwa, hataki kuoshwa, na vidonda vya mgongoni vikaingia ndani mpaka homa ikampanda. Katika homa ile aliomba kombe. Mamake akakataa kumwandikia. "Mkono wangu haufai," alisema. Alimpa maji matupu.

Tulimzika mwezi wa Shaabani.

Khitma ilipokwisha, Mwanawema akaja dukani kwangu. Hakuwahi kuja kabla.

"Suhail kafa akinambia, mama, si maji. Kila siku. N'kamwambia, mjomba'ko ndiye fundi, keshasema. Alikuwa akinipoza moyo, eti?"

Nikavuta mtoto wa meza, nikaitoa mazabodi. Nikamwambia yote. Kariakoo, mataa, ile plastiki, uongo wangu pale mlangoni.

Aliipokea, akaigeuza upande usio wake, akaipapasa. Kidole chake kikafika penye weusi.

"Hapa ndipo nini?"

"Ndipo ilipoungua."

"Kwa maji."

"Si kwa maji, dada! Kwa ujinga wangu! Kombe lako halikuingia ndani hata tone!"

Aliitazama tena. Nilimwona anajitahidi kuona ninachokiona, na hakuna alichokiona. Mtu mmoja tu angeweza kumsomea kitu kile akamwamini, kama ningempa ile picha aliyoiomba, naye tulishamfukia.

Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Na weye kama yeye," akasema taratibu. "Mwanipoza moyo. Mungu akulipe, ndugu yangu."

Kabla hajaondoka alitoa chini ya buibui ile sahani nyeupe, imefungwa kwenye kanga. Akaniomba niiweke mimi, kwa sababu yeye hataandika tena, na nyumbani hawezi kuiona.

Ninayo hapa dukani, juu ya mazabodi. Wateja hudhani ni ya chakula changu cha mchana.