Keki ya Machicha ya Kahawa

Wivu ulimkaba Fraida tangu Mania aliposimama mbele ya darasa. Kila mwaka shule hii ya Haifa humwita huyu mdogo wake awasimulie watoto jinsi Wayahudi walivyoishi ndani ya uzio wa ghetto ya Lodz, mtaa wa Poland walimofungiwa na Wanazi wakati wa vita: walikula nini, walicheza nini. Na kila mwaka Fraida hukaa nyuma kabisa, kampakatia mwenzake mkoba, hakuna anayemuuliza hata jina.

"Bibi Mania, tupe ile ya keki!"

Mania akaanza, mikono hewani. Siku aliyotimiza miaka saba, mama alisaga maganda ya viazi, akachanganya na machicha ya kahawa ya bandia, akampikia keki. Kisha mama, kwa uchovu, akalala.

"Mama yako alikuwa shujaa," alisema msichana mmoja, machozi yakimlengalenga.

Shujaa! Keki ile aliipika Fraida, naye wakati huo kitoto tu, vidole vimechubuka kwa kusaga. Mama alikuwa amekata roho alfajiri. Baba alimfunika blanketi, akakataza mtu kusema, maana kifo kikijulikana kadi ya mgao wa mkate ya marehemu inachukuliwa. Mania akaambiwa, mama kalala, kakuachia keki. Miaka yote hii sifa anakula marehemu, maua anapewa Mania. Fraida aliwachukia wote wawili, na leo angesema.

Akasimama. "Mania, waambie ukweli. Keki alipika nani?"

Darasa zima likageuka. Mania alikuja taratibu mpaka nyuma, akamwinamia sikioni.

"Dada, unadhani sijui? Nilipanda kitandani nimlishe mama kipande. Mdomo ulikuwa wa baridi."

"Sasa mbona hunitaji?"

"Nikikutaja wewe, watauliza mama alikuwa wapi. Itabidi niseme nilikula keki pembeni ya maiti, nikaomba nyingine. Nakuomba, dada. Mwache alale."

Fraida alimtazama. Wivu haukuwa umeondoka.

"Bibi, ulitaka kuongeza kitu?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo," alisema Fraida, akiuweka mkoba vizuri mapajani huku akikaa. "Ilikuwa tamu sana. Mama yetu alijua kupika."